Chale za Kabula

Nyie mnaoanza utabibu sasa, mnaovaa makoti meupe ambayo bado yana mikunjo ya dukani, nawaandikia nikiwa nyumbani kwangu Mbuba, mguu mmoja juu ya kigoda maana goti limegoma. Watu wananiita Dokta mpaka leo, ingawa sikuwahi kuwa daktari. Nilikuwa mama tabibu wa zahanati ndogo upande wa Biharamulo, yule anayeletewa kila kitu, kuanzia mafua mpaka mtu aliyekanyagwa na ng'ombe. Nataka niwaeleze habari za neva zinazopita kati ya mbavu. Najua mnazo kwenye simu zenu, zimechorwa kwa rangi. Mimi nilizijua kwa ghaibu kabla ninyi hamjazaliwa, na pamoja na kuzijua kwangu kote kuna mwanamke anaitwa Kabula ambaye leo hatembei. Ameniruhusu nimtaje.

Chuoni walinifundisha majina. Neva zenyewe nilionyeshwa na Mzee Gwasa, mganga msaidizi wa zamani niliyepangiwa chini yake nilipoanza kazi. Siku ya soko la Nyakahura alinipeleka kwa muuza nyama, akanunua upande mzima wa mbavu za mbuzi. Nikajua leo tunakula. Kumbe kabla ya moto kulikuwa na somo. Akaugeuza ule ubavu, akanionyesha mfereji ulio kwenye ukingo wake wa chini, kisha kwa ncha ya kisu akainua nyuzi tatu, moja baada ya nyingine: mshipa unaorudisha damu, mshipa unaopeleka damu, na chini yake uzi mweupe, mwembamba, mgumu kukatika.

"Huyu mweupe ndiye mwenye nyumba," alisema, akiniita mwanangu kwa lugha ya kwao. "Mwana wanje, hawa wengine ni wapangaji."

Makaa yalikuwa yameshaiva, mate yananijaa, na mzee anaendelea. Neva hizi hutoka kwenye ugwe wa mgongo, ile kamba laini iliyofichwa ndani ya uti. Kila moja hupenya kati ya pingili mbili, halafu hujibana chini ya ubavu wake na kuufuata kama mtu anayepita upenuni mvua inaponyesha. Kumi na moja kila upande ziko kati ya mbavu, na ya kumi na mbili iko chini ya ubavu wa mwisho. Njiani huamuru misuli ya kati ya mbavu ivute pumzi, na huipa ngozi hisia, ukanda kwa ukanda, kutoka mgongoni mpaka mbele. Za juu huishia kwenye mfupa wa kifua. Za chini hazikomi mbavu zinapokwisha. Hutoka zikaingia kwenye ukuta wa tumbo, na ile ya kumi hufika kitovuni.

"Mtu akikwambia kitovu kinamuuma," alisema Mzee Gwasa akiwa ameanza kuchoma nyama, "muulize na mgongo kama haujambo."

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa mzee mwenye njaa.

Basi msidhani nilikuwa hodari tangu mwanzo. Mara ya kwanza kutoa maji kifuani mwa mgonjwa, mkulima mmoja wa mihogo, nilichoma sindano chini kabisa ya ubavu, pale pale kwenye mfereji. Yule baba aliruka kutoka kwenye benchi na sindano ikining'inia, akasema maneno ya Kisubi ambayo siwezi kuyaandika, mimi ni mama wa kanisa. Mzee Gwasa alimtuliza, kisha akanigeukia. "Umemkanyaga mwenye nyumba. Sindano hupita juu ya ubavu wa chini, haipiti chini ya ubavu wa juu. Piga hodi penye nafasi." Tangu siku hiyo sikukosea tena. Yule baba naye kila tulipokutana sokoni alijishika ubavu kwanza ndipo aitikie salamu.

Halafu kuna mkanda wa jeshi. Hayo malengelenge mnayoyajua, yanayotoka kwa mstari upande mmoja wa kifua na kuunguza kama maji ya moto. Ni ugonjwa unaoifuata neva moja na ukanda wake wa ngozi, ndiyo maana unakaa kama mkanda. Huku kwetu watu wanaamini ncha za mkanda zikikutana unakufa. Alikuja mtu wa Nyamahanga na kamba mfukoni. Kila asubuhi alikuwa akipima nafasi iliyobaki. Nikamweleza taratibu kwamba neva ya kushoto huishia katikati ya mwili na ya kulia ina njia yake, kwa hiyo kwa kawaida ncha hazikutani, hata angepima mpaka mavuno. Nilimwambia pia tupime damu, maana mkanda mara nyingi unakuja mwili ukiwa umechoka. Alipona. Siku ya kuaga akaniambia, "Dokta, asante, lakini kamba ndiyo iliyouzuia."

Nilikasirika kwa namna ambayo leo naiona haya. Nilijiona nafundisha mawe. Na hasira hiyo sikuiacha, niliilea, ikawa sheria ya zahanati yangu.

Sheria yenyewe ilihusu chale. Mtu akiumwa kichomi, maumivu ya kuchoma ubavuni, nyumbani humchanja kwa wembe, mikato midogo midogo miwili miwili, wakapaka unga mweusi wa dawa. Wenyeji walichanja, na Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kutoka Mwanza na Shinyanga walichanja. Nilikuwa na sababu ya kuchukia. Nilishaona chale zilizooza, nilishaona wembe mmoja ukizunguka familia nzima. Kuwafundisha kungetosha. Mimi niliona haitoshi. Nikatangaza kwamba mwenye chale mpya atapanga foleni ya mwisho, hata kama alifika wa kwanza, na kabla sijamtibu atasimama aonyeshe wenzake alichofanyiwa. Nikiwasimamisha nilikuwa nasema, "Mficha maradhi kilio humfichua!" na benchi zima linacheka.

Baada ya miezi michache chale zikapungua. Wakaguzi walipokuja niliwaambia kwa majivuno kwamba elimu imeingia kata nzima. Kilichoingia ni woga. Watu walikuwa wamejifunza kuvaa gauni juu ya gauni na kukaza kanga kifuani, na kumwonyesha Dokta sehemu ya mbele tu.

Kabula alikuja na mama yake msimu wa palizi. Alikuwa na miaka kama ishirini, ameolewa karibuni, mrefu, mcheshi. Mama yake alikuwa mwanamke mkimya wa Kisukuma aliyeongea akitazama chini.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Nani anaumwa?"

"Mwanangu. Kichomi. Hapa." Akamshika bintiye chini ya titi, upande wa kulia.

Niliweka kipimo cha kusikilizia kifua juu ya nguo. Ndiyo, juu ya nguo, msinitazame hivyo. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nikaandika kichomi, nikampa sindano za siku tano, nikaita mwingine. Wakati wa kutoka daftari lake la matibabu lilimponyoka. Badala ya kuinama, Kabula alichuchumaa taratibu, mgongo umenyooka kama amebeba ndoo ya maji kichwani, akaliokota, akajiinua kwa kushika paja. Nikamtania, "Bibi harusi, huinami usije ukakunja gauni?" Akacheka kwa heshima.

Vijana, mtu asiyeweza kuinama kuokota kitu chake anaulinda mgongo wake unaomuuma. Niliona na nikatania.

Wiki kadhaa baadaye wakarudi. Maumivu sasa yamezunguka pande zote mbili na kushuka mpaka kitovuni, na amekonda. Nikaandika vidonda vya tumbo. Mara ya tatu akasema miguu inakuwa mizito na anajikwaa njiani kwenda shambani. Mama yake akaanza kusema kitu. "Dokta, kule nyumbani yuko mfumu mmoja, alimshika akasema..." Mfumu ni mganga wao wa jadi. Nilipiga meza. "Nyie na wafumu wenu! Huyu binti hataki kulima, basi." Nikawapa dawa ya minyoo na vidonge vya damu. Nakumbuka Kabula alivyosogea mpaka mlangoni kwa kushika ukuta, nami nikaona anaigiza.

Mara ya nne aliletwa na pikipiki, amekaa katikati ya dereva na mama yake, amefungwa kanga kiunoni asianguke. Miguu ilikuwa inaning'inia. Haja ndogo ilikuwa imemtoka njiani na yeye hakuhisi. Hapo nikaogopa. Nikamlaza kifudifudi na nikamwambia mama amvue nguo zote za juu. Mama akasita. Akaanza kulia kabla sijaona chochote.

"Utatufukuza, Dokta."

Nikazivua mwenyewe. Gauni, blauzi ya ndani, fulana. Mgongoni mwa Kabula kulikuwa na chale. Zilianzia kwenye uti, kwenye pingili moja iliyochomoza kama nundu ndogo, zikatoka kulia na kushoto, mbili mbili, zikishuka kwa mshazari zikifuata mbavu, zikapita ubavuni na kuja mbele zikielekea kitovuni. Nilisimama nikazitazama. Mzee Gwasa kwa kisu chake na mbavu zake za mbuzi hakuchora vizuri kuliko hivyo. Yule aliyeshika wembe alikuwa amemuuliza Kabula panauma wapi, akafuata kwa kidole kutoka panapouma mpaka panapoanzia, akafika kwenye mfupa.

"Nani alichanja?" niliuliza.

"Mimi. Mfumu alinionyesha. Alibonyeza huu mfupa, mtoto akalia. Akasema huu ugonjwa haumo ubavuni, umo kwenye mfupa, yeye haujui, mpelekeni kwa Dokta upesi. Tukaja." Alikuwa anajifuta machozi kwa kiganja. "Lakini na chale zilikuwa mbichi. Nikamwambia mwanangu avae sana, asigeuke, nami nikakutajia ubavu tu."

Kilikuwa kifua kikuu cha mgongo. Mdudu alikuwa anakula pingili mbili, na kabla hajafika kwenye ugwe wenyewe alianza kuzibana neva zinapotoka. Neva haijui kusema inabanwa wapi. Husema kule inakoishia. Ilibanwa mgongoni ikalia chini ya titi, ikalia kitovuni, na mimi nikaenda kutibu kifua, nikatibu tumbo, nikatibu minyoo. Angekuwa ameanza dawa siku lile daftari lilipoanguka, nina hakika angekuwa analima hadi leo. Nayasema haya kwa uhakika ambao sikutaka kuwa nao.

Sasa sikilizeni kosa langu lenyewe, maana hilo la kutoona mgongo wengi wamelifanya na wengine wametubu. Nilikaa chini kuandika barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa. Nikafikiria daktari atakayeisoma, na wale wakaguzi niliowaambia elimu imeingia. Nikaandika kwamba mgonjwa amecheleweshwa nyumbani na tiba za kienyeji, na kwamba mama wa mgonjwa alimchanja mgongoni kwa wembe. Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Ziara tatu alizofika kwangu sikuziandika. Daftari lake nilisema libaki kwangu.

Nikaifunga bahasha nikampa mama. Aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti. "Wabeja, Dokta," alisema, yaani asante. Hakujua kusoma. Aliibeba yeye mwenyewe mpaka hospitalini, kilomita zote zile, akiishikilia isilowe.

Kule barua ilisomwa kwa sauti wodini. Muuguzi akamgombeza mbele ya wagonjwa: umemharibu mwanao kwa wembe. Wakwe walikuwepo, wakasikia. Kabula alipewa dawa, kifua kikuu kikapona, miguu haikurudi. Mume alimrudisha kwao na sababu aliyoitoa ni hiyo hiyo, mama mkwe alimchanja mke wangu mgongo ukafa. Mimi nilihamishiwa Ngara mwaka huo, nikapokelewa vizuri, nikaendelea na kazi miaka mingi na kuitwa hodari.

Msiniulize kwa nini sikurudi. Kila likizo nilikuwa na sababu. Nilipostaafu sababu zikaisha, na bado nilikaa. Mpaka mwaka huu, baada ya maharage kuota, nilikodi pikipiki nikaenda nikiulizia nyumba kwa nyumba.

Nilimkuta Kabula chini ya paa la jikoni, ameketi kwenye godoro jembamba, anashona kwa cherehani ya mkono. Mtu mzima sasa. Alinitambua kabla sijasema.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, mwanangu. Mama yuko wapi?"

"Tumemzika mwezi uliopita."

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, bila kukaribishwa. Kabula akaendelea kushona mpaka mshono ulipoisha, akakata uzi kwa meno, ndipo akaniambia. Kwamba mama yake alimwogesha miaka yote hiyo, na kila alipofika mgongoni mkono ulisimama. "Ananigusa chale, anasema, 'Ng'wanone, mwanangu, nisamehe wembe.' Kila siku, Dokta. Nikamwambia mama inatosha, hasikii. Watoto wa kaka yangu wakitaka kunyolewa anawapeleka kwa jirani. Hakushika wembe tena. Hata siku ya kufa aliniomba msamaha."

Nikamwambia. Sikupanga maneno. Nilimwambia daftari lilikuwa na tarehe tatu na mwandiko wangu mara tatu, na nililichoma. Nilimwambia mfupa ulikuwa unaoza kabla ya wembe, na wembe haukuugusa. Nilimwambia barua ile ilisema nini, na kwa nini niliiandika hivyo.

Alinisikiliza akiwa ameshika kitambaa. Machozi hayakumtoka, yalinitoka mimi, na hilo nalo lilikuwa wizi, maana yalikuwa haki yake.

"Kwa hiyo alichanja sawasawa," alisema.

"Alichanja sawasawa. Aliweka wembe mahali ambapo mimi nilitakiwa kuweka kidole."

"Na ulishindwa kuja mwezi uliopita."

Ndege wa mtamani walikuwa wanapiga kelele, na kutoka barabarani tulisikia lori likipita kuelekea mpakani. Nikasema nitamletea hiki na kile, nitasema na watu wa kiti cha magurudumu. Akatikisa kichwa, hapana, kiti anacho.

"Wewe unajua kuandika," akaniambia. "Uliandika siku ile wakaamini wote, mpaka mama akaamini. Nenda kaandike tena. Na safari hii uweke jina lake, usiandike mama wa mgonjwa."

Nikaona aibu nyingine mpya, kwa sababu jina lake sikulijua. Nilimtibia binti yake mara nne, nikamshtaki kwa maandishi, na sikuwahi kumuuliza. Ilibidi Kabula anitajie.

Aliitwa Minza. Alimchanja mwanawe mahali pale pale ugonjwa ulipokuwa, akamleta kwangu mapema.